Mikutano ya polisi na wananchi bila mrejesho haijengi imani

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nizungumzie hili suala la polisi jamii, maana kila uhalifu ukipanda jibu tunalopewa ni lilelile, unaitishwa mkutano, mkuu wa kituo anasema polisi na raia ni marafiki, zinatolewa namba za simu, watu wanapiga makofi wanarudi makwao na wezi wanaendelea kama kawaida. Mimi sipingi mikutano hata kidogo. Ila watafiti walishalipima hili jambo na walichokikuta kinatakiwa kitushtue.

Mwaka 2021 jarida la Science lilitoa utafiti uliofanyika nchi sita: Brazil, Colombia, Liberia, Pakistan, Ufilipino na Uganda. Maeneo yalichaguliwa kwa bahati nasibu, mengine yakaletewa polisi jamii, yani doria za miguu, mikutano na njia za kupeleka kero, mengine yakaachwa kama yalivyo, alafu wakalinganisha. Kwa ujumla imani kwa polisi haikuongezeka na uhalifu haukupungua. Na sababu walizozitaja watafiti wenyewe kila mtu anazijua: wakubwa wa polisi hawakulipa jambo hili kipaumbele, maofisa walikuwa wanahamishwa hamishwa, na askari hawakuwa na uwezo wa kufuatilia kero walizoletewa.

Hapo kwenye kufuatilia ndo pana uchungu. Chukulia mama mmoja anasimama kwenye mkutano mbele ya watu wote, anasema ile nyumba isiyokaliwa na mtu usiku kuna vijana wanauza dawa za kulevya. Askari anaandika kwenye daftari, anamshukuru. Baada ya muda askari yule kahamishwa, aliyekuja hajui daftari liko wapi, au analo ila gari haina mafuta. Vijana bado wapo palepale na sasa wanajua nani kawachoma, maana kwenye kile kikao alikuwepo shangazi wa mmoja wao. Yule mama mkutano mwingine atanyamaza, na majirani walioona kilichompata nao watanyamaza, alafu tutaambiwa wananchi hawatoi ushirikiano! Ushirikiano aliutoa, tena kwa kuhatarisha maisha yake, aliyekosa kurudi na jibu ni upande wa pili.

Wengine wanasema dawa ni kuongeza magari ya doria tu. Hilo nalo lilijaribiwa zamani, Kansas City kule Marekani mwaka 1972 hadi 1973, kuna maeneo doria za magari ziliongezwa, mengine zikaachwa kama kawaida na mengine zikaondolewa kabisa askari wakawa wanaingia wakipigiwa simu tu. Uhalifu haukutofautiana kwa maana yoyote, na wakazi wengi hata hawakugundua kama kuna kilichobadilika. Doria ya miguu kule Newark, hukohuko Marekani, miaka ya mwisho ya sabini ilipunguza woga wa watu lakini uhalifu wenyewe ukabaki, wakati Philadelphia mwaka 2009 askari wa miguu walipopelekwa kwenye kona zilezile zenye vurugu nyingi, uhalifu wa kutumia nguvu ulishuka kwa asilimia 23. Kwahiyo sio kuzunguka tu, ni kwenda pale penyewe panapouma, na panapouma anapajua mkazi, sasa huyo mkazi ndo tumeshamnyamazisha.

Kuna kingine kidogo ila mimi nakiona kikubwa. Kwenye mji wa New Haven, nako ni Marekani, askari waliovaa sare walibisha hodi kwenye nyumba za watu bila kumtafuta mtu yeyote, wakajitambulisha, wakauliza kero za mtaa wakaondoka, na utafiti uliotoka 2019 ulionyesha watu waliotembelewa walikuwa na mtazamo mzuri zaidi juu ya polisi hata walipoulizwa siku 21 baadae. Dakika chache tu za kuongea na mtu kama mtu. Sasa linganisha na raia anayekwenda kituoni kuripoti kuibiwa, anaulizwa kwa ukali ulikuwa unatafuta nini pale usiku, anaambiwa njoo kesho mpelelezi hayupo, kesho nayo hivyohivyo, hizo nenda rudi zinaua kila kilichosemwa kwenye mkutano. Na mtu aliyekata tamaa na kituo ndo huyo anayeshangilia mwizi akipigwa mawe, jambo ambalo ni mauaji na linatakiwa kukemewa bila kumung'unya maneno.

Najua kuna watakaosema wananchi nao walinde mitaa yao. Sawa kabisa, na utafiti wa Chicago wa mwaka 1997 uliohoji wakazi zaidi ya 8,000 ulikuta mitaa ambayo majirani wanaaminiana na wako tayari kuingilia kati, vurugu zilikuwa chache hata ukilinganisha mitaa yenye umaskini sawa. Lakini jirani anaingilia kati akijua akizidiwa kuna mtu atamjibu simu.

Kwahiyo ombi langu kwa wenye mamlaka: askari wa eneo akae muda wa kutosha watu wamjue, taarifa za siri zipokelewe pembeni sio mbele ya umati, na kila mkutano uanze kwa kusomewa kero za mkutano uliopita na kilichofanyika kwa kila moja, hata kama jibu ni tumeshindwa kwa sababu hii na hii. Na kwenu Mhariri, waandishi wenu huwa wanakuja siku ya uzinduzi kupiga picha. Naomba warudi baada ya miezi sita waulize kero ngapi ziliandikwa, ngapi zimejibiwa, na yule askari aliyeziandika bado yupo kituoni au kashahamishwa.

Msomaji wenu wa kila siku