Taimingi imesetiwa vizuri lakini gari zito? Kagua puli ya krenki kwanza

Malalamiko haya tunayapokea gereji karibu kila wiki: plagi mpya, waya mpya, filta mpya, fundi ameweka taa ya taimingi, ile inayomulika puli kuonyesha cheche ya plagi inapiga lini, na alama imesoma digrii 10 kama inavyotakiwa, lakini gari halina nguvu mlimani, linakula mafuta na ekzosi inachemka kupita kiasi. Kabla ya kununua spea nyingine, chuchumaa upande wa tairi la mbele kulia uitazame puli ya krenki, gurudumu la mikanda lililo kwenye ncha ya shafti inayozungushwa na pistoni.

Tunazungumzia injini za Toyota zenye distributa (kifaa kinachogawa moto, yaani cheche, kwa plagi), 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE. Ndizo zilizomo kwenye Corolla za AE100 na AE110, Carina, Premio za mwanzo na ndugu zao, ambazo bado zinapiga kazi barabarani kila siku.

Puli hiyo ukiitazama juu juu ni chuma kimoja. Kwa kweli ni vyuma viwili. Kuna kitovu cha ndani kinachokaa kwenye krenki, na pete ya nje yenye njia za mikanda. Kati yao kuna raba iliyobanwa, na kazi yake ni kumeza mtetemo wa krenki kila pistoni inapopiga. Ule mkato mdogo unaosomwa kwa taa ya taimingi umechongwa kwenye pete ya nje. Raba ikizeeka, au ikilowa oili inayovuja kwenye sili ya mbele au pampu ya stelingi, hupoteza nguvu ya kubana na pete huanza kuteleza juu ya kitovu. Krenki iko pale pale, alama imehama.

Kuhama kidogo kunatosha kuharibu hesabu. Chukua puli yenye kipenyo cha milimita 150. Mzunguko wake ni milimita 471, kwa hiyo digrii moja ni kama milimita 1.3 tu. Pete ikiteleza sentimita moja na ushee, alama imedanganya digrii 10 nzima.

Mara nyingi pete hubaki nyuma ya kitovu, kwa sababu mikanda ya altaneta, AC na stelingi inaivuta kinyume na mzunguko wa injini. Sasa fikiria moto uko sahihi kabisa, digrii 10 kabla ya pistoni kufika kileleni. Alama iliyobaki nyuma digrii 10 itasoma 20 kwenye taa. Fundi anaona moto uko mbele mno, anazungusha distributa kuurudisha nyuma mpaka taa isome 10. Hapo moto halisi unapiga pistoni ikiwa kileleni, digrii 0. Ndipo gari linapokuwa zito na ekzosi inapochemka. Fundi hakukosea kusoma. Alisoma alama iliyohama.

Hasara kubwa zaidi hutokea siku ya kubadilisha taiming belti, mkanda wa ndani unaoendesha valvu pamoja na krenki. Anayepanga krenki kwa kutegemea mkato wa puli iliyoteleza anaweza kuivisha belti ikiwa imeruka jino moja au mawili, na hapo hata distributa haiwezi kuokoa kitu.

Dalili za nje zipo. Puli inayumba ukiitazama injini ikiwa inaunguruma. Ukingo wa mkanda unaliwa upande mmoja. Vipande vya raba nyeusi vinaonekana kwenye kava la chini. Kuna pia mlio wa kugonga unaoongezeka injini ikiwa haijakanyagwa mafuta, na huu umewafanya watu wengi waambiwe injini imegonga beringi za konrodi wakati bolti ya puli ndiyo iliyolegea. Kabla hujakubali kushusha injini, zima gari, shika puli kwa mkono uitikise. Isicheze hata kidogo. Lakini puli inaweza kuteleza bila kuyumba, kwa hiyo usiridhike na macho peke yake.

Kipimo cha uhakika hakihitaji mashine. Injini ikiwa imepoa, toa plagi zote kwa bokisi la spana la milimita 16 ili krenki izunguke kwa urahisi. Silinda namba 1 ndiyo iliyo upande wa puli. Ingiza kwenye tundu lake kijiti kirefu cha plastiki ambacho hakiwezi kutumbukia wala kuvunjika. Zungusha krenki kwa bokisi la 19 kwenye bolti ya puli, kwa mwelekeo wa saa pekee, na ukiache kijiti kipande juu pamoja na pistoni. Karibu na kilele pistoni hutulia kwa digrii kadhaa bila kijiti kuonekana kusogea, kwa hiyo ukikisia kilele kwa macho utakosea. Fanya hivi: chora mstari kwenye kijiti mahali utakapousoma ukilinganisha na ukingo wa tundu. Kijiti kikiwa kinapanda na mstari ukafika ukingoni, weka nukta ya rangi nyeupe kwenye pete ya puli mkabala na 0 ya mizani ya digrii iliyo kwenye kava. Endelea kuzungusha, kijiti kitapita kilele na kuanza kushuka. Mstari ukirudi ukingoni pale pale, weka nukta ya pili mkabala na 0 ile ile. Katikati ya nukta hizo mbili ndipo kilele halisi. Mkato wa kiwandani ukiwa hapo, puli ni nzima. Ukiwa pembeni, umejua imeteleza na umejua kwa kiasi gani.

Puli ikiwa nzima, chora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye kitovu, upite juu ya raba hadi kwenye pete. Ukikuta mstari umekatika baada ya wiki chache, jibu unalo.

Kuibadilisha nyumbani kunawezekana ikiwa una jeki, stendi imara, bokisi za 10, 12, 14, 19 na 21, mpini mrefu na spana ya kupimia nguvu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Toa terminali hasi ya betri, legeza nati za tairi la mbele kulia kwa 21, nyanyua, weka stendi, toa tairi na kinga ya plastiki iliyo ndani ya madigadi. Legeza altaneta na stelingi, vua mikanda, na uangalie mpangilio wake kabla hujaisahau.

Bolti ya puli ndiyo inayokataa. Kwa gari la gia za mkono, weka gia ya tano na mtu akanyage breki kwa nguvu zote. Kwa gari la otomatiki njia hiyo haifanyi kazi. Unahitaji chombo cha kushikilia puli yenyewe. Wapo wanaoegemeza mpini kwenye chesisi na kupiga stata. Bolti hufunguka kweli, lakini mpini ukiteleza unavunja mkono au rejeta, na kama moto haujakatwa injini inaweza kuwaka. Hatufanyi hivyo na hatushauri.

Puli ikigoma kutoka, tumia pula inayofungwa kwenye matundu yenye nyuzi ya kitovu. Pula ya makucha inayovuta ukingo wa nje itaichana raba, na kama ulikuwa na mpango wa kuirudisha puli hiyo, mpango umeishia hapo. Ikishatoka, tazama kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji wa krenki. Kikiwa kimeliwa upande mmoja, weka kipya. Mfereji wenyewe ukiwa umepanuka, puli mpya italegea tena hata ukikaza vipi, na hiyo ni kazi ya machine shop, si ya uani. Angalia pia kama kuna oili chini ya kava. Kama ipo, rekebisha mvujo kwanza, la sivyo raba mpya itaoza kama ya zamani.

Safisha ncha ya krenki, ingiza puli kwa mkono ikae sawa na kii, paka oili kidogo kwenye nyuzi za bolti, kisha kaza kwa spana ya kupimia hadi nyutoni mita 118. Mashine ya upepo ni nzuri kufungulia. Kukazia nayo ni kubahatisha, na bolti iliyokazwa kwa kubahatisha ndiyo inayolegea na kula kii. Rudisha mikanda, ukiibonyeza katikati kwa kidole gumba ishuke kama sentimita moja.

Sasa taimingi. Washa injini hadi ipate joto lake la kawaida, zima AC, taa na feni ya ndani. Fungua kiboksi cha DIAGNOSTIC kilicho kwenye chumba cha injini na uunganishe matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Bila waya huu kompyuta inasogeza moto yenyewe na usomaji wako hauna maana. Bana klipu ya taa kwenye waya wa plagi namba 1, elekeza taa kwenye puli, na usome. Inatakiwa digrii 10 kabla ya kilele. Kama haiko hapo, legeza bolti za distributa za 12 kidogo tu na uizungushe taratibu: kinyume na mwelekeo wa rota (kile kinachozunguka ndani ya distributa) unawahisha moto, kuufuata unauchelewesha. Kaza, soma tena, kwa sababu distributa hupenda kusogea wakati wa kukaza. Ukitoa waya alama inapaswa kusogea mbele. Isiposogea kabisa kati ya kuunganisha na kutoa, shuku sensa ya throtli: kompyuta haijui kwamba mguu hauko kwenye mafuta.

Wenye 1NZ-FE, zile za IST na Vitz, hawana distributa ya kuzungusha. Puli yao nayo huchoka na kula mikanda, lakini moto unapangwa na kompyuta kwa sensa ya krenki. Ukiambiwa ulipie "kuseti taimingi" ya cheche kwenye injini hiyo, uliza kitakachozungushwa ni nini.

Kuhusu puli za mtumba, za Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi: nyingi ni nzuri, ila omba mbili za aina moja uzilaze pamoja, mifereji ya kii ikielekeana. Mikato ya taimingi isipoelekeana, mojawapo imeteleza. Hesabu pia njia za mikanda, maana za gari lenye AC na lisilo nayo hazifanani. Zilizochomelewa pete na kitovu ziache kabisa. Raba imeuawa, mtetemo wote unarudi kwenye krenki, na aliyechomelea hakupima mkato ulikuwa wapi.

Kaunta yetu ina puli tuliyoihakiki kwa kila injini kati ya hizo tatu. Njoo na yako mkononi, tunailinganisha hapo hapo bila malipo, hata kama umeinunua kwingine.