Mhuri wa mtaa pekee hautoshi kwenye samansi

Mhariri,

Kesi ya madai ikikwama, lawama zote humwangukia hakimu. Lakini kesi nyingi huwa zimeharibika mapema, siku samansi, yaani wito wa mahakama, ilipopelekwa kwa mdaiwa. Nazungumzia mahakama za wilaya kwenda juu. Za mwanzo zina kanuni zake.

Fungua jalada lolote lenye mgogoro wa namna hii. Nyuma ya samansi pameandikwa "amekataa kupokea", chini yake mhuri wa mwenyekiti wa mtaa, basi. Saa haimo. Aliyeonyesha nyumba hatajwi. Mwenyekiti mwenyewe pengine kagonga mhuri ofisini, mlangoni hakukanyaga. Kwa karatasi hiyo mdai anaomba shauri lisikilizwe upande mmoja, yaani bila mdaiwa, anapewa hukumu, anaanza kuikaza (kuitekeleza), ndipo mdaiwa anaibuka na kusema hakuitwa. Hukumu ikitenguliwa, mnarudi mwanzo, kwenye hati ya madai iliyofungua kesi.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inataka mdaiwa apewe mwenyewe, au wakala wake aliyeruhusiwa kupokea, na asaini. Asipopatikana, apewe mtu mzima wa familia anayeishi naye. Dada wa kazi hahesabiki, hata kama ndiye anayefungua geti kila siku. Anayepewa akikataa kusaini, nakala ibandikwe kwenye mlango wa nje, na taarifa irudi mahakamani ikieleza siku, saa, ilivyobandikwa, pamoja na jina na anuani ya aliyeitambulisha nyumba na aliyeshuhudia. Msambaza nyaraka, yule anayepeleka samansi, aithibitishe taarifa hiyo kwa kiapo. Bila kiapo, hakimu anapaswa kumhoji.

Kwa kampuni, kumwachia mlinzi getini ni kubahatisha. Apewe katibu, mkurugenzi au ofisa mkuu, au nyaraka ziachwe ofisi iliyosajiliwa. Ofisi hiyo itafutwe kwenye kumbukumbu za BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Kibao cha barabarani huenda ni cha tawi tu.

Tangazo gazetini nalo si njia ya mkato. Linahitaji amri ya mahakama kwanza, na mahakama iridhike kwamba mdaiwa anakwepa au hapatikani kwa njia ya kawaida.

Mdai, kabla hujaomba kusikilizwa upande mmoja, soma kiapo chenyewe. Linganisha tarehe: siku 21 za mdaiwa kuleta utetezi zinahesabiwa tangu alipopokea, si tangu samansi ilipotolewa. Ukikuta pengo, omba samansi nyingine siku hiyohiyo, na safari hii mwenyekiti au mjumbe afike mpaka mlangoni.

Wakili wa kujitegemea,
Morogoro