Mheshimiwa Waziri, tuonyeshe njia, si jibu peke yake

Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya hifadhi ya jamii

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Ujiji. Nimefundisha hisabati katika shule za msingi za mkoa huu wa Kigoma kwa miaka 35, na mtoto aliyeniletea jibu bila njia sikumpa alama zote hata siku moja, hata jibu likiwa sahihi. Nilimrudisha kwenye dawati akaonyeshe alikopitia. Sasa nimestaafu, na safari hii mimi ndiye niliyeletewa jibu bila njia.

Jibu lenyewe ni hili: mkupuo, yaani fedha za mara moja unapostaafu, shilingi 43,050,000; pensheni ya kila mwezi shilingi 430,500. Basi. Nilipouliza zimepatikanaje, niliambiwa kwa upole kabisa, "Mwalimu, mfumo ndio unaokokotoa."

Jioni huwa tunakaa barazani, wastaafu watano au sita, kahawa na kashata katikati, upepo wa ziwa ukiwa umeanza kupoa. Mazungumzo huanza na bei ya dagaa na huishia kwenye mafao, siku zote. Fulani kapata hamsini na kitu, fulani kaambulia thelathini, na wote walianza kazi mwaka mmoja. Asiyeelewa hesabu hutafuta mtu wa kumshuku. Wenzangu wawili waliosoma chuo kimoja na kula sahani moja walifika mahali pa kutosalimiana, kwa sababu mmoja aliamini mwenzake "ana mtu Dodoma". Siku hiyo niliomba kalamu, nikageuza kalenda ya mwaka uliopita, nikaanza kuandika nyuma yake.

Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, Mheshimiwa, si uchawi. Darasa la saba wanakiweza. Chukua miezi uliyotumikia, gawanya kwa 580. Zidisha kwa mshahara wako wa mwaka, yaani wastani wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho. Hapo umepata pensheni nzima ya mwaka. Sehemu yake, ambayo kwangu ni asilimia 40, izidishe kwa 12.5, huo ndio mkupuo. Asilimia 60 iliyobaki igawe kwa 12. Hiyo ndiyo utakayopokea kila mwezi hadi Mungu atakapokuita. Posho hazimo. Ofisa aliyezoea kuishi kwa posho za safari huku mshahara wake halisi ukiwa mdogo hushtuka sana siku hiyo, na huyo sina la kumsaidia.

Tumchukue sasa huyo aliyedaiwa kuwa na mtu Dodoma. Amenipa ruhusa niandike takwimu zake. Tuliajiriwa siku moja, Julai 1990. Yeye alistaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, mwaka 2020, baada ya miezi 360, mshahara wake ukiwa 900,000. Mimi niliendelea mpaka 60. Kwa akili ya kawaida mimi ningepaswa kumzidi, na kwa mkupuo amenizidi yeye: alipewa shilingi 55,800,000.

Ilikuwaje? Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa ikawa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma. Kanuni zilizofuata ziliteremsha mkupuo hadi asilimia 25 kwa wote, watumishi wakapiga kelele, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akasimamisha jambo hilo ili kanuni za zamani ziendelee kutumika. Walimu tulikuwa PSPF, na kanuni ya zamani ya PSPF ilikuwa nono: miezi iligawanywa kwa 540 badala ya 580, mkupuo ulikuwa asilimia 50, na kizidisho kilikuwa 15.5. Mwenzangu huyo, ambaye ni jirani yangu, alipita mlango huo. Piga mwenyewe: 360 kwa 540 ni theluthi mbili, theluthi mbili ya milioni 10.8 ni milioni 7.2, nusu yake ni milioni 3.6, mara 15.5. Inatoka 55,800,000 bila hata senti ya rushwa. Julai 2022 mlango huo ukafungwa, kikaja kikokotoo cha asilimia 33. Bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40 kwa sisi tuliotoka kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa 50, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Ndiyo maana mzee mwenzetu aliyetoka shirika la umma ana mgawo wake tofauti kabisa na wa mwalimu, na wala hajadhulumiwa na mtu.

Lakini jirani yangu kila mwezi anapokea 300,000 na mimi 430,500. Alinizidi milioni 12.75 mkononi, namzidi 130,500 kila mwezi. Nikigawanya, itanichukua miaka minane na kidogo kuifidia ile pesa aliyonizidi, na yeye ameshakula pensheni miaka mitano kabla yangu. Alipoona hesabu hiyo alicheka, akasema basi tuombeane uhai. Yule aliyekuwa hamsalimii akamsogezea kashata.

Hapo nikagundua kitu ambacho nakupa bure, na wastaafu watakaosoma barua hii wakichukue. Aliyekokotolewa kwa asilimia 40 akigawanya mkupuo wake kwa pensheni ya mwezi aliyoanza nayo, lazima apate 100 kamili. Wa asilimia 33 atapata karibu 74. Wa asilimia 35, karibu 81. Wa ile 50 ya zamani, 186. Ukiwa kwenye mojawapo ya makundi hayo ukapata namba nyingine, chukua nauli uende ukaulize. Yangu ilitoka 100, nikapumua.

Nilipumua mapema mno.

Kipimo hicho kinakagua asilimia tu. Hakikagui miezi wala wastani, na huko ndiko watu wawili wa kada moja na kikokotoo kimoja wanakoachana. Wastani wangu naujua, kwa sababu slipu zangu zote nimezitunza kwenye bati la biskuti. Katika miezi 36 ya mwisho, 30 nililipwa 980,000, na sita za mwisho 1,250,000, baada ya daraja, yaani kupandishwa cheo na mshahara, nililostahili miaka kadhaa nyuma kunifikia mwanzoni mwa 2025. Wenzangu mnakumbuka madaraja yaliposimamishwa mwaka 2016 kupisha uhakiki wa watumishi. Foleni iliyoanza pale wengine tumetoka nayo hadi mlangoni. Wastani ukawa 1,025,000. Daraja hilo lingekuja miaka mitatu kabla, wastani ungekuwa 1,250,000, na kwa utumishi wa miaka 35 tofauti yake ni karibu milioni 9.8 kwenye mkupuo na shilingi 97,000 na ushee kila mwezi, maisha yote. Watu hudhani daraja likichelewa unapoteza mshahara wa ile miezi tu, na malimbikizo yakilipwa yameisha. Mstaafu anaendelea kulilipia daraja lililochelewa hadi kaburini. (Nilitoka kazini 30 Juni 2025. Kesho yake, Julai mosi, nyongeza iliyopandisha kima cha chini kutoka 370,000 hadi 500,000 ikaanza. Hiyo silalamiki, hiyo ni bahati yangu tu na siku ya kuzaliwa.)

Kisha nikatembea kinyumenyume, kama tunavyofundisha watoto kuhakiki jibu. Milioni 43.05 gawanya kwa tano, kwa kuwa asilimia 40 mara 12.5 ni tano: inakuja 8,610,000. Gawanya kwa mshahara wa mwaka, 12,300,000: inakuja 0.7. Zidisha kwa 580.

406.

Nikarudia kwa simu ya mjukuu. 406. Tangu Julai 1990 hadi Juni 2025 ni miezi 420, haihitaji hata karatasi. Miezi 14 haipo.

Naijua ilikolala. Mwaka 2003 nilihamishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, na sizitaji kwa sababu walionihudumia wakati ule wengine wametangulia mbele za haki. Jina langu lilitoka kwenye orodha ya mishahara kule nilikotoka kabla halijaingia huku nilikokwenda. Miezi 14 nilifundisha darasa la tano kwa unga wa kukopa, na Mangi wa dukani alinivumilia kuliko serikali. Malimbikizo nilikuja kulipwa. Michango ya miezi ile, inaelekea, haikupelekwa popote. Niliisahau. Mfumo haukuisahau, ila haukuniambia.

Hasara yake ni shilingi 1,484,483 kwenye mkupuo, na 14,845 kila mwezi. Si hela ya kujengea nyumba. Ni umeme, sabuni na nauli ya kwenda hospitali. Nami nimeiona kwa sababu tu nilifundisha hisabati na nina bati la biskuti. Yule mwenzangu aliyekuwa mlinzi wa shule, au mama aliyekuwa mhudumu wa zahanati huko vijijini Uvinza, ataionaje?

Kwa hiyo siombi uniongezee asilimia. Hilo lina wasemaji wake, vyama vya wafanyakazi vimelisema na vitalisema. Naomba karatasi ya mafao ibebe namba tatu zaidi: miezi iliyohesabiwa, wastani wa mshahara uliotumika na miaka mitatu ulikotolewa, na asilimia ya mkupuo. Mfumo unazo tayari. Bila hizo usingepata jibu. Kuzichapa ni mistari mitatu ya wino. Na karatasi hiyo mtumishi aipate akiwa bado kazini, angalau miaka miwili kabla, wakati afisa utumishi anayejua faili lake bado yupo na masijala haijahamishiwa jengo jingine. Najua mfuko una programu ya simu ya kuangalia michango, na ni jambo jema, ila sisi tulioajiriwa kabla ya Julai 1999, wakati watumishi wa serikali hatujaanza kuchangia, miaka yetu ya mwanzo inaishi kwenye barua ya ajira iliyopigwa taipu, si kwenye simu. Barua hiyo ikipotea wakati wa kuhama, miaka tisa ya mtu inabaki kwenye kumbukumbu ya wazee wenzake.

Kuhusu miezi yangu 14, nimeshaandika barua kwa njia za kawaida, nikiambatisha barua ya uhamisho na hati ya malimbikizo. Sikuandikii wewe ili unifanyie upendeleo, maana barazani wataanza kusema mimi ndiye mwenye mtu Dodoma.

Kuna muuguzi, jirani wa mtaa wa pili, anastaafu Juni mwakani. Jumapili alikuja na faili lake ndani ya mfuko wa rambo, akaniomba tuhesabu pamoja kabla mfumo haujamhesabia. Tulianza na barua ya ajira. Mpaka magharibi inaadhiniwa tulikuwa tumefika mwaka 2007, na miezi miwili hatujaiona.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma