Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kodi wa Umoja wa Ulaya: turufu ibaki

Mheshimiwa Wopke Hoekstra,

Nakuandikia kutoka Cork, mji wa Ireland ambao Apple imepiga kambi tangu 1980. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa raia na mlipa kodi wa hapa. Hoja iliyotolewa na Tume ya Ulaya Januari 2019, kwamba masuala ya kodi yaamuliwe kwa wingi wa kura badala ya ridhaa ya nchi zote, bado ina watetezi. Ingeondoa turufu, yaani uwezo wa nchi moja kuzuia uamuzi wa kodi. Nakuomba usiwe mmoja wao.

Ireland iliukataa Mkataba wa Lisbon, unaoweka kanuni za kuendesha Umoja, Juni 2008. Iliukubali Oktoba 2009, baada ya viongozi wa Umoja kuihakikishia kwa maandishi kwamba mamlaka yake ya kodi hayataguswa. Watu walipiga kura wakiiamini ahadi hiyo.

Utanitajia kesi ya Apple, na una haki. Kwa hesabu ya Tume, mwaka 2014 kampuni yao tanzu moja ilitozwa asilimia 0.005 ya faida yake. Fundi bomba wa mtaani kwetu hajawahi kuota kiwango hicho! Kisha serikali yetu ikaenda mahakamani kukataa euro bilioni 13 za kodi ambazo Tume iliamuru Apple iilipe Ireland. Aibu tupu, siitetei. Lakini kilichoikomesha ni sheria ya ruzuku za serikali, inayozuia serikali kuipendelea kampuni fulani, ambayo Tume inayo tayari, na hukumu ya Mahakama ya Haki ya Ulaya ya Septemba 10, 2024. Turufu haikuzuia kitu.

Hata kodi ya kima cha chini cha asilimia 15 kwa makampuni makubwa ilipita Desemba 2022 kwa ridhaa ya wote, Ireland na asilimia 12.5 yake ikiwemo. Hungary, inayotoza 9, iliizuia Juni mwaka huo, ikalegeza huku ikivutana na Brussels, makao ya Umoja, juu ya fedha zake ambazo Umoja ulizizuia. Mchezo mchafu, ndiyo. Basi msiweke kodi na fedha hizo kwenye meza moja.

Wewe ulikuwa waziri wa fedha Uholanzi. Waholanzi walijua wamuulize nani kodi ilipowauma. Mimi pia namjua mbunge wangu, na hugonga mlango wangu akitaka kura. Turufu ikiondoka, nikimbana kuhusu kodi atanijibu kwamba alizidiwa kura Brussels, na atakuwa anasema kweli.

Tafadhali tamka hadharani uko upande gani.

Wako,
Mlipa kodi, Cork