Walilelewa na Nani, Wakaacha Nini? Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaowasoma Wakubwa wa Ghana

Wanangu wa vyama vya historia na midahalo katika shule na vyuo vyetu,

Nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa heshima mnayonipa kila mnaponiita kuketi nanyi mnapojadili habari za watu wakubwa wa bara letu. Nimewasikiliza kwa makini, hasa zamu ya Ghana inapofika, kwa kuwa historia ya nchi hiyo niliifundisha kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, na kuna jambo ambalo sitaki liendelee bila kusemwa. Mnawataja Waghana kwa vyeo na tuzo. Huyu alikuwa wa kwanza kupata hiki, yule alikuwa wa kwanza kukalia kiti kile, makofi yanapigwa, anafuata mwingine. Msikilizaji anaondoka na majina mengi, asijue watu hao walilelewa na nani, walifanya kazi na nani, wala walichokiacha kinamfaa nani hadi leo. Nawaomba maswali hayo matatu ndiyo yawe mwanzo wa kila hotuba yenu.

Chukueni jina mlilolizoea bila kulichunguza. Mtaa wa Aggrey, pale Kariakoo, mnaupita kila mara mkiwa katika shughuli zenu, na si wachache kati yenu wenye mjomba au mwalimu aitwaye Aggrey. Jina hilo ni la James Emman Kwegyir Aggrey, aliyezaliwa mwaka 1875 katika mji wa Anomabo, pwani ya nchi ambayo Waingereza waliiita Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Alikwenda Marekani mwaka 1898, akasoma na kufundisha katika Chuo cha Livingstone huko North Carolina, akaishi nchini humo zaidi ya miaka 20. Mwaka 1924 alifika Afrika Mashariki akiwa mjumbe wa Tume ya Phelps-Stokes, iliyokuja kuchunguza hali ya elimu ya Waafrika, na wazee wetu wakamwona Mwafrika msomi akiketi meza moja na Wazungu wa tume na kusema nao bila unyonge. Simulizi iliyohifadhiwa na familia ya Kleist Sykes inaeleza kwamba alipokuwa Dar es Salaam alimshauri Kleist aunde chama cha Waafrika, na mwaka 1929 African Association ikaanzishwa.

Hata hivyo, kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa shule. Pamoja na Gavana Gordon Guggisberg na Mchungaji A. G. Fraser, Aggrey aliianzisha Achimota, nje kidogo ya Accra, akawa makamu msaidizi wa mkuu wa shule, na akasimama imara kutetea wasichana wasome humo pamoja na wavulana. Nembo ya shule hiyo ni vibonye vyeusi na vyeupe vya piano, kutokana na usemi wake kwamba muziki kamili huhitaji vibonye vya rangi zote mbili. Ilifunguliwa rasmi Januari 1927, na Julai ya mwaka huohuo Aggrey akafariki New York akiwa na umri wa miaka 51. Aliyaona matunda yake kwa miezi michache tu. Sasa tazameni waliopita pale. Kwame Nkrumah alimsikiliza Aggrey akiwa kijana wa ualimu, akaja kuandika kwamba ni yeye aliyemwamshia kwanza hisia za utaifa. Esther Ocloo alisoma pale, na Annie Jiagge, na daktari Susan Ofori-Atta. Ephraim Amu, mtunzi ambaye nyimbo zake Waghana wanaziimba hadi leo, alipoondolewa mwaka 1933 katika chuo cha ualimu cha Akropong, kosa lake mojawapo likiwa kuhubiri kanisani akiwa amevaa nguo ya asili ya kwao, alipokewa Achimota akaendelea kufundisha. Kumpa darasa mwalimu aliyefukuzwa kwa sababu ya vazi la babu zake ni tendo linalostahili hotuba nzima, na mpaka leo sijasikia mmoja wenu akilitaja.

Huyo Esther Ocloo nataka mmtazame kwa karibu zaidi. Alizaliwa mwaka 1919 huko Peki Dzake, katika eneo la Volta, na aliingia Achimota kwa msaada wa masomo. Alipomaliza hakuwa na mtaji wowote isipokuwa shilingi 10 alizopewa na shangazi yake. Kwa fedha hizo alinunua machungwa, sukari na chupa, akapika mamaledi, akatoka kuiuza barabarani, jambo ambalo lilionekana aibu kwa msichana aliyetoka katika shule kubwa. Hakuona haya. Alikwenda katika shule yake ya zamani kuomba tenda ya kuiuzia mamaledi na maji ya machungwa, akaipata, na baadaye akapata nyingine ya jeshi. Baadaye alikwenda Uingereza kusomea namna ya kuhifadhi vyakula, kisha akarudi kuendesha kiwanda chake cha Nkulenu. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa wanawake walioanzisha Women's World Banking, taasisi iliyojengwa juu ya hoja kwamba mama anayeuza sokoni ni mkopaji wa kuaminika hata kama hana hati ya nyumba wala shamba la kuweka rehani. Mkimtaja Ocloo, tuzo aliyoipokea mwaka 1990 itajeni baadaye. Tangulizeni chupa za mamaledi, kwa kuwa hadi mwisho alipambana na lilelile lililomkwamisha mwanzoni, ukosefu wa mtaji.

Jiulizeni pia fedha za kuijenga Achimota zilitoka wapi. Zilitoka katika mapato ya koloni, na mapato hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa kakao. Hapo mnakutana na Tetteh Quarshie, ambaye vitabu vya shule humpa sentensi moja tu. Alikuwa mhunzi. Alikwenda kufanya kazi katika kisiwa cha Fernando Po, akarudi mwaka 1876 na mbegu za kakao, akazipanda Mampong katika milima ya Akuapem. Wamisionari walikuwa wamejaribu kabla yake bila mafanikio makubwa. Miche na mbegu kutoka shamba lake zilisambaa kwa majirani, na kufikia mwaka 1911 nchi hiyo ilikuwa inaongoza duniani kwa kuzalisha kakao.

Hebu tafakarini hilo, kwa sababu halikufanywa na serikali wala na walowezi. Wakulima wa Akuapem na Krobo walichanga fedha zao, wakaunda vikundi ambavyo wenyewe waliviita kampuni, wakanunua mapori kwa machifu wa Akyem, na kila mtu akakatiwa kipande kwa kadiri ya mchango wake. Walipanda mti ambao hauzai mpaka miaka kadhaa ipite. Walijifunza kupasua tunda, kuzirundika mbegu zenye utelezi juu ya majani ya mgomba, kuzifunika na kuziacha zichachuke kwa siku sita hivi huku zikigeuzwa, kisha kuzianika juani mpaka ziwe kavu na zenye harufu ile inayotafutwa na wenye viwanda. Makampuni ya Ulaya yalipopatana kushusha bei mwaka 1937, wakulima hao waligoma kuuza kwa miezi kadhaa, hata London ikalazimika kutuma tume ya uchunguzi. Kwa maoni yangu, kama kuna mafanikio ya Waghana yanayopaswa kutajwa kabla ya yote, ni hayo ya wakulima hao, na ninasikitika kwamba majina ya wengi wao hatuyajui.

Fedha za kakao zilisaidia pia kukijenga chuo kikuu, kilichoanza mwaka 1948 katika majengo ya Achimota kabla ya kuhamia Legon. Aliyekuwa mstari wa mbele kukipigania, wakati London ilipoelekea kuridhika na chuo kimoja tu cha Ibadan kwa Afrika Magharibi yote, ni Joseph Boakye Danquah, mwanasheria na mwanafalsafa. Hapa inabidi niseme kirefu, kwa sababu ndipo midahalo yenu inapoyumba. Jina la Nkrumah mnalo kwenye ukumbi mkubwa wa Mlimani, Dar es Salaam, na Zanzibar chuo cha ualimu kilipewa jina hilo. Wengine mnamwinua asiguswe, wengine mnamwita dikteta na kumaliza, na kila upande unachagua ushahidi unaoufaa.

Danquah na wenzake ndio waliomwita Nkrumah arudi nyumbani mwaka 1947 awe katibu wa chama chao, kwa pendekezo la Ako Adjei. Machi 1948 Waingereza waliwakamata wote pamoja. Jina la Ghana lenyewe lilipata nguvu kwa sababu Danquah alilitetea kwa utafiti na kwa kalamu. Nkrumah aliona mwendo wa wenzake ni wa polepole, akaanzisha chama chake mwaka 1949, akashinda uchaguzi wa mwaka 1951 akiwa gerezani, na tarehe 6 Machi 1957 akaifikisha nchi kwenye uhuru. Mwaka uliofuata serikali yake ilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, na kwa sheria hiyo Danquah alifariki katika gereza la Nsawam tarehe 4 Februari 1965. Nkrumah huyohuyo alijenga bwawa la Akosombo, ambalo ziwa lake ni miongoni mwa maziwa makubwa kabisa yaliyotengenezwa na binadamu. Liliwahamisha watu wapatao 80,000 na likaipa nchi umeme inaoutegemea hata sasa. Alilizindua Januari 1966, na mwezi uliofuata akapinduliwa. Yote hayo ni kweli kwa pamoja, na kijana anayetaka kuitwa msomi wa historia hana ruhusa ya kuacha nusu yake nje ya mlango.

Kama mnahitaji mfano wa namna ya kubishana na mtu mkubwa bila kumdhalilisha, Mwalimu Nyerere anatosha. Cairo, mwaka 1964, alipingana na Nkrumah waziwazi mbele ya marais wenzao kuhusu kasi ya kuunganisha Afrika, na maneno yalikuwa makali. Machi 1997, Ghana ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, Nyerere alisimama Accra na kumkiri Nkrumah kuwa ndiye aliyeongoza vita ya umoja kuliko viongozi wote wa kizazi chao.

Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, nitamtazama kupitia Nairobi, kwa kuwa huko tulimwona akiwa kazini. Alifika tarehe 22 Januari 2008, wakati Kenya inawaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Tume ya Jaji Waki ilihesabu baadaye vifo zaidi ya 1,100, na waliokimbia makazi yao walikuwa mamia ya maelfu. Aliketi pamoja na Benjamin Mkapa na Graça Machel. Siku mbili baada ya kufika aliwafanya Mwai Kibaki na Raila Odinga wapeane mikono hadharani. Wiki zikapita, wajumbe wa pande mbili wakawa wanarudia hoja zilezile, ndipo akayasimamisha mazungumzo yao na kuwaendea wakubwa wawili wenyewe. Rais Jakaya Kikwete alifika kama mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, na tarehe 28 Februari mkataba ukatiwa saini. Isomeni hatua hiyo ya kuwapita wajumbe, kwa maana ndipo ujuzi wake ulipokuwa. Lakini msifiche pia kwamba mwaka 1994, Rwanda ilipoangamizwa, Annan ndiye aliyekuwa akiongoza idara ya ulinzi wa amani ya Umoja wa Mataifa, na kwamba yeye mwenyewe alikuja kukiri hadharani kuwa angeweza na alipaswa kufanya zaidi.

Wako wengine ambao maswali yangu matatu yatawafungulia mlango upesi. Msanii El Anatsui anasifiwa kwa pazia zake kubwa za vizibo vya chupa, na maonyesho ya sanaa ya Venice yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu mwaka 2015. Waulizieni vijana wa Nsukka, Nigeria, wanaovifunga vizibo hivyo kwa waya wa shaba. Nii Quaynor alirudi kutoka Marekani akaanzisha idara ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cape Coast, akashiriki kuiunganisha Ghana na intaneti, kisha akasaidia kuunda mafunzo ya mafundi wa mitandao wa Afrika, ambayo yaliwahi kufanyika Nairobi na Dar es Salaam. Bondia Azumah Nelson alishindwa na Salvador Sánchez mwaka 1982 katika raundi ya 15, na miaka miwili baadaye akawa bingwa wa dunia. Fuatilieni walimu wa ngumi wa Accra waliompika.

Katika kongamano lenu lijalo, nashauri aliyetangulia siku zote asitangulie. Anzeni na Annie Jiagge. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana mjini Keta, bahari ikalila jengo la shule, naye akazunguka na kwaya na maigizo kuchangisha fedha mpaka jengo jipya likasimama. Ndipo akaenda London kusomea sheria, akarudi akawa jaji. Katika Tume ya Hali ya Wanawake ya Umoja wa Mataifa aliandika rasimu ya msingi ya azimio la mwaka 1967 la kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, azimio lililozaa mkataba wa mwaka 1979 ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliutaja mkataba huo alipoamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ana haki ya kuiuza kama mwanamume. Mwombeni mwanasheria wa mji wenu awasomee hukumu hiyo ukumbini, na mzungumzaji wa kwanza awe msichana atakayeeleza njia yote ya hukumu hiyo, kutoka Mwanza kurudi nyuma mpaka Keta.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu wa historia