Kuhusu lile swali lako la fizikia

Swahiba wangu,

Barua yako ya kuuliza uchukue fizikia ya aljebra au ile ya kalkulasi imefika, na nimecheka pale uliposema utachukua ile "nyepesi", ya aljebra, upate kupumua. Maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka wa kwanza, yakanigharimu muhula mzima.

Tofauti ya kozi hizo mbili ni hisabati. Moja inakwenda kwa aljebra na trigonometria, nyingine kwa kalkulasi, yaani hisabati ya vitu vinavyobadilika. Mada karibu ni zilezile: mwendo, kani, nishati, mawimbi, umeme. Ila ukivuta springi, kani inaongezeka kadiri unavyoivuta, kwa hiyo huwezi kuzidisha kani ya mwisho kwa umbali ukadhani umepata kazi, yaani nishati iliyotumika kuivuta. Mwenye aljebra anachora grafu ya kani na umbali, anaona pembetatu, anatafuta eneo lake: ½kx², k ikiwa ugumu wa springi na x umbali ulioivuta. Safi kabisa. Sasa mpeleke kwenye mvutano wa Dunia: umbali kutoka kitovu chake ukiwa mara mbili, mvutano unabaki robo. Grafu imepinda, pembetatu hakuna, basi anapewa kanuni aikariri. Wa kalkulasi anaipata mwenyewe, kwa kujumlisha vipande vidogovidogo vya eneo, njia ileile aliyoitumia kwenye springi. Mimi nilikariri mpaka kanuni zikaanza kugombana kichwani. Ile kanuni ya umbali, s = ut + ½at², niliichomeka kila mahali, hata pale mchapuko (yaani kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde) unapobadilika, ambapo haifai kitu. Wepesi gani huo?

Lakini sikusukumi. Kama unaelekea udaktari au famasia, na huko uendako wanaikubali kozi ya aljebra, ichukue kwa amani. Ukiwa na hata wazo dogo la uhandisi, achana nayo. Nilipohamia uhandisi niliambiwa ile niliyofaulu haihesabiki, nianze upya.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kalkulasi hujaisoma. Kuisoma pamoja na fizikia kunawezekana, vyuo vingi huruhusu, ila angalia ratiba. Kwa kawaida kalkulasi huanza na kasi ya mabadiliko. Kujumlisha vipande vidogovidogo huja baadaye, na fizikia inakudai ujuzi huo mapema, mkifika tu kwenye kazi na nishati. Wiki hizo utakuwa unatumia hisabati ambayo hujafundishwa. Ningekuwa wewe, ningetanguliza kalkulasi muhula huu na fizikia ikafuata, mradi isikucheleweshee kozi nyingine zinazoitegemea.

Maelezo ya kozi usiyaamini sana, yote yanafanana. Tafuta mtihani wa mwisho wa mwaka jana wa kila kozi, kaa nao saa moja bila daftari. Halafu uliza kama maabara imo humohumo au inasajiliwa peke yake. Mimi nilikuja kujua wiki ya pili, nafasi zimeshajaa.

Niandikie kabla usajili haujafungwa, uniambie ni swali la ngapi lililokukwamisha.

Rafiki yako wa siku zote