Kabla ya mashine ya plazma, nunueni hewa kavu

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuzungumze na vikundi vya Mwanza na mwambao wa ziwa vinavyojiandaa kufungua karakana ya pamoja, hasa vile vinavyolenga mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Andiko la kikundi likitaja mashine inayoongozwa na kompyuta ya kukata chuma kwa plazma, yaani mkondo wa hewa unaopashwa moto na umeme hadi uyeyushe chuma, kawaida bei ya mashine huandikwa hadi shilingi ya mwisho, halafu mengine yote yanabanwa kwenye mstari mmoja: "vifaa vinginevyo". Humo kwenye vinginevyo ndimo mashine hizi zinamofia.

Tuanze na hewa. Mashine ya ampea 45, inayotosha mageti, majiko na vipuri vya mashine za kupukuchua mahindi, inakula takribani lita 190 za hewa kwa dakika kwa mgandamizo wa bar 5 hadi 6. Kompresa ya lita 50 ya kupulizia rangi haiwezi. Namba iliyobandikwa kwenye kompresa mara nyingi ni hewa inayovutwa, siyo inayotoka. Inayotoka ni kama theluthi mbili tu. Tena ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko Dar es Salaam. Chukueni kompresa ya farasi 3 au zaidi, inayovuta lita 400 kwa dakika, yenye tenki la lita 200. Ndogo ya hapo itazunguka bila kupumzika mpaka ichemke.

Shida kubwa zaidi ni maji. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 75 hubeba gramu kama 17 za maji kwa kila mita ya ujazo. Piga hesabu kwa lita 190 kwa dakika: kila saa ya kukata mfululizo mnavuta karibu glasi nzima ya maji. Mengi hubaki kwenye tenki, ndiyo maana lazima koki ya chini ifunguliwe kila asubuhi. Yanayobaki husafiri kama mvuke, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kile kichungi cha kikombe cha plastiki hukamata matone tu, mvuke haukamati. Kikifungwa mdomoni mwa kompresa, hewa hupita ikiwa bado ya moto, inapoa mbele kwenye mpira, na maji yanatokea ndani ya tochi, yaani kile kichwa kinachokata.

Dawa yake haina gharama kubwa. Toeni paipu ya chuma ya nusu inchi kutoka kwenye tenki, ipande na kushuka ukutani kwa jumla ya mita 8 hadi 10, na kila inaposhuka wekeni mkia wenye koki ya kumwagia maji. Hewa ipoe humo kwanza. Kichungi kikae mwisho, hatua chache kutoka kwenye mashine, na baada yake kifuatie kichungi cha chembechembe za silika, zile zinazobadilika rangi zikishiba maji. Paipu ya plastiki ya bomba la maji msiiguse kwa kazi hii. Ikipasuka kwa bar 8 vipande vyake hukata kama kioo.

Mkitaka kujua kama hewa ni kavu, fungueni tochi mwangalie elektrodi. Ni kijiti cha shaba chenye kitone cha kijivu katikati ya ncha. Kitone hicho ni metali ya hafniamu, na ndicho kinachotoa moto. Hewa ikiwa kavu, kitone huliwa taratibu na kuacha kishimo cha duara. Kishimo kikifika kina cha milimita moja na nusu, elektrodi itupwe. Hewa yenye maji huacha ncha nzima ikiwa nyeusi yenye mabaka, na tundu la nozeli, ule mdomo wa tochi unaopitisha moto, ambalo linatakiwa kuwa mviringo kamili, linageuka umbo la yai. Hapo mkato unaanza kwenda mshazari na fundi analaumu kompyuta.

Umeme nao unataka laini yake. Mashine inayokata kwa ampea 45, ikiwa kwenye volti 230, huvuta ampea karibu 30 kutoka kwenye laini ikifanya kazi kwa nguvu zote. Ipeni waya wa shaba wa milimita za mraba 6, au 10 kama umbali unazidi mita 30, na sakiti breka yake ya ampea 40. Kompresa iwe na laini nyingine kabisa, kwa sababu mota yake inapojiwasha volti hushuka, na moto wa plazma hukatika katikati ya bamba.

Wakati wa kununua, ulizeni moto unawashwa vipi. Kuna mashine zinazowasha kwa cheche za masafa ya juu, na hizo ndizo za bei rahisi. Cheche zile hupita hewani na kwenye nyaya, kompyuta inaganda, mota zinaruka hatua. Kwa meza ya kukatia inayoongozwa na kompyuta chagueni zile ambazo hewa husukuma elektrodi nyuma ndipo moto uwake. Kwa kawaida ukibonyeza elektrodi yake kwa kidole huzama kidogo kisha hurudi.

Ethi, yaani njia ya kupeleka umeme unaovuja ardhini, ina kero yake kwenye Jiji la Miamba. Vitabu vinasema pigeni fimbo ya mita 2.4 ardhini, hapa ikienda nusu mita mara nyingi inagonga jabali. Msiikate mkaificha kwa zege, kama inavyofanyika. Chimbeni mtaro wa kina cha sentimita 75, mlaze fimbo nzima humo, mfukie kwa udongo mzuri, kisha fundi umeme apime. Sisi hulenga chini ya omu 5. Waya wa meza, wa mashine na wa boksi la kompyuta kila mmoja uende peke yake hadi sehemu moja, na sehemu hiyo iunganishwe na ethi ya jengo.

Chini ya bamba wekeni beseni la maji, uso wa maji ukiwa sentimita 3 hadi 5 chini ya chuma. Linameza vumbi na kupunguza moshi. Ila aluminiamu isikatwe juu ya maji: unga wake hutengeneza haidrojeni, gesi hiyo hujikusanya chini ya bamba na hulipuka. Mabati yenye zinki yakatwe nje penye upepo, maana moshi wake huleta homa. Na kwa kuwa tuko ukanda wa malaria, beseni limwagwe na kusafishwa kila wiki kabla viluwiluwi vya mbu havijakomaa. Tope la chuma lichotwe litupwe kwenye dampo, lisiende kwenye mtaro unaoishia ziwani.

Mpangilio wa kukata mtaupata kwenye kitabu cha mashine. Kwa chuma cha milimita 6 kwa ampea 45, tochi itoboe ikiwa juu milimita 3.8, isubiri nusu sekunde, ishuke hadi 1.5 ndipo itembee. Ikitoboa ikiwa chini, chuma kilichoyeyuka kinarukia nozeli na kuiziba. Ukoko mnene unaobanduka kwa nyundo maana yake mnaenda polepole mno. Ule mwembamba usiotoka bila grinda, mnakimbia. Upande wa kulia wa tochi, ukifuata inakoelekea, ndio unaonyooka, kwa hiyo umbo la nje likatwe kufuata mzunguko wa saa na tundu la ndani kinyume chake. Tundu dogo kuliko unene wa bamba litobolewe kwa drili. Programu za kuchora na za kuongoza mashine zisiwatie hofu: Inkscape, FreeCAD na LinuxCNC ni za bure.

Limebaki la ushirika wenyewe. Nozeli na elektrodi zikiwa mali ya wote, hakuna atakayezibadilisha kwa wakati, kila mtu atamwachia mwenzake. Kila mwanachama awe na seti yake kwenye kopo lenye jina lake, aifunge anapoanza na aitoe anapomaliza. Malipo kwa karakana yahesabiwe kwa mita zilizokatwa na idadi ya matobo, siyo kwa saa, kwa sababu kutoboa ndiko kunakokula vipuri.

Na muuzaji asimaliziwe fedha yake kabla ya kukata mbele yenu mraba wa milimita 100 wenye tundu la milimita 20 katikati, kwenye bamba la milimita 6, mara kumi mfululizo, kwa kompresa yenu na umeme wenu. Pimeni wa kwanza na wa kumi kwa vernia, kile kipimo cha sehemu ndogo za milimita. Vikitofautiana kwa zaidi ya nusu milimita, arekebishe kwanza.

Mafundi wa kuchomelea na umeme,
Nyakato, Mwanza